Kicheko Kiko Pembeni ya Pozi: Mwongozo wa Kupiga Picha za Safari na Familia Zinazochekesha

Mpe mgeni albamu ya familia, kisha uangalie anakawia wapi. Zile picha za watu waliojipanga kwa urefu, mikono imenyooka ubavuni, anazipita mbilimbili. Anasimama pale ambapo mtoto mmoja katika mstari amegeukia nyuma, au upepo umemfunika shangazi uso kwa mtandio wake mwenyewe, au babu amesinzia katikati ya watu kumi wanaotabasamu. Hapo ndipo anapouliza, "Huyu nani? Ilikuwaje?" Na mwenye albamu anapata nafasi ya kusimulia.

Wengi hudhani picha za namna hiyo ni bahati tu. Bahati ipo, lakini kuna mambo ya kujifunza ambayo huiongeza sana, na hayahitaji kamera ya gharama wala ndugu wenye vituko. Mwongozo huu unayapitia kwa utaratibu, kuanzia jicho lako hadi siku ya kuchapisha picha.

1. Tafuta vitu viwili visivyopatana

Hili ndilo la msingi, na ukilishika vizuri hatua nyingine zote zitakuwa nyepesi. Picha inayochekesha karibu kila mara ina vitu viwili ndani ya fremu moja ambavyo havikupaswa kukutana: kikubwa na kidogo, kilicho makini na kinachocheza, tangazo linalokataza jambo na mtu anayelifanya chini yake bila habari. Mtu akianguka peke yake, hiyo ni ajali. Mtu akiteleza huku nyuma yake kuna sanamu iliyonyoosha mkono kana kwamba inataka kumdaka, hiyo ni picha.

Elliott Erwitt, mpiga picha wa Marekani aliyefariki mwaka 2023, aliijua siri hii kuliko wengi. Katika picha yake moja mashuhuri, aliyoipiga New York mwaka 1974, tunamwona kijibwa kidogo mno kilichovishwa kofia na sweta, kimesimama kando ya miguu ya mwanamke aliyevaa buti. Upande wa pili kuna miguu mingine miwili mirefu. Inamchukua mtazamaji muda kidogo kung'amua kwamba hiyo nayo ni ya mbwa, mkubwa kiasi kwamba fremu haikumtosha. Erwitt angerudi nyuma hatua chache na kuwaonyesha wote watatu wakamilifu, tungeona mwanamke na mbwa wake wawili, basi. Aliinama, akakata juu, akatuachia sisi kazi ya kugundua. Kicheko kinatokea katika kule kugundua.

Zoezi: siku moja usipige picha kabisa. Popote utakapokuwa, kwenye foleni, ufukweni, kwenye karamu ya ukoo, taja kimoyomoyo jozi za vitu visivyopatana. Mzee mwenye suti anayekula koni ya aiskrimu kwa umakini mkubwa. Watalii wote wanatazama mnara, mtoto wao anatazama mdudu. Jicho likizoea kuhesabu mbili, mkono utafuata.

2. Iweke simu tayari kabla ya tukio

Tukio la kuchekesha halidumu hata sekunde mbili. Kwa hiyo safisha lenzi asubuhi, maana alama za vidole hufanya picha iwe na ukungu, na jua njia ya mkato ya kufungua kamera bila kuandika nywila. Jifunze pia kupiga mfululizo. Katika simu nyingi unabonyeza kitufe cha kupigia na kukishikilia, au unakivuta upande mmoja. Ijaribu nyumbani ujue simu yako inataka lipi.

Kama kamera yako inakuruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, 1/250 ya sekunde inamtosha mtu anayetembea, 1/500 mtoto anayeruka, na kwa maji yanayorushwa nenda 1/1000 au zaidi. Simu inayojiamulia yenyewe hupunguza kasi kila mwanga unapopungua, ndiyo maana vituko vya sebuleni usiku hutoka kama moshi. Dawa si kununua simu nyingine. Sogeza mchezo karibu na dirisha, au washa taa zote.

3. Chagua jukwaa, kisha subiri waigizaji

Wapigaji wengi hufuata watu mbio. Fanya kinyume: tafuta mandhari ya nyuma yenye uwezo wa kuchekesha, simama hapo, na uache watu waingie wenyewe. Mwaka 1948 jijini Paris, mpiga picha Robert Doisneau alikaa ndani ya duka moja la sanaa akaelekeza kamera nje kupitia dirishani, ambako palikuwa na mchoro wa mwanamke asiye na nguo. Hakumwambia yeyote afanye lolote. Wapita njia walisimama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alionyesha uso wake: aliyeshtuka, aliyekunja ndita, na bwana mmoja ambaye mkewe alikuwa akimweleza kuhusu picha nyingine, huku macho yake yakiponyokea pembeni kwenye ule mchoro. Picha hiyo inachekesha mpaka leo kwa sababu hakuna aliyeigiza.

Wewe ukiwa safarini utakutana na majukwaa ya aina hiyo kila mara. Michoro ya ukutani yenye mabawa au mdomo uliofunguka. Sanamu zinazonyoosha kidole. Mabango yenye nyuso kubwa za watu wanaocheka. Vioo vya madukani vinavyoakisi barabara. Ukipata moja, mambo matatu yatakusaidia.

Kwanza, fumba jicho moja. Macho mawili hutuonyesha umbali, lakini kamera huona kwa jicho moja tu na hubandika cha mbali juu ya cha karibu. Ukifumba jicho moja utaona mapema kwamba taa ya barabarani inamwotea mjomba kichwani, au kwamba pembe za swala aliyechorwa ukutani zinaweza kumkaa dada yako sawasawa. Wapigaji wa picha rasmi huogopa mambo hayo. Sisi tunayatafuta.

Pili, sogea nusu hatua. Pembe hizo zikipita sentimita chache kando ya kichwa, mzaha unapotea, kwa hiyo zikae kabisa au zisiwepo. Sogea wewe, usimsogeze mtu, maana ukimwambia "nenda kushoto kidogo" atajua kuna jambo na uso utabadilika.

Tatu, usiwe na haraka ya kuondoka. Dakika kumi mahali pamoja huzaa zaidi kuliko saa nzima ya kuzunguka, ingawa wenzako wa safari watalalamika. Waache watangulie kukaa kivulini.

4. Waambie "tayari, nimemaliza", kisha uendelee kupiga

Kila picha ya ukoo ina sehemu tatu: kujipanga, kusimama, na kutawanyika. Tumezoea kuhifadhi ile ya kati peke yake, iliyo kavu kuliko zote. Wakati wa kujipanga kuna mama anayemfuta mtoto uso kwa nguvu, kuna wawili wanaogombea nafasi, kuna anayevuta tumbo ndani. Wakati wa kutawanyika, pumzi zote zilizozuiliwa hutoka kwa pamoja. Basi anza kupiga mapema, piga ile rasmi kwa heshima zote kwa sababu wazee wanaihitaji, sema kwa sauti kwamba umemaliza, halafu bonyeza mfululizo bila kuishusha simu. Kama nawe unataka kuwemo, weka simu mahali imara, tumia kipima muda cha sekunde 10, na uchague mpangilio wa kupiga picha kadhaa mfululizo kama simu yako unao. Ile ya kwanza itakukuta ukikimbilia nafasi yako, na mara nyingi ndiyo itakayokuwa bora.

Kwa nini pozi likivunjika uso unakuwa mzuri? Mpiga picha Philippe Halsman alilieleza jambo hili kwa vitendo. Katika miaka ya 1950 alizoea kuwaomba watu wakubwa aliowapiga picha waruke juu mwishoni mwa kazi. Waliruka wasanii na wanasiasa, akiwemo Marilyn Monroe, Richard Nixon, hata mtawala wa zamani wa Uingereza aliyeacha kiti, pamoja na mkewe. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anaporuka, akili yake yote huenda kwenye kuruka, hivyo hana nafasi ya kulinda sura aliyojivika. Jaribu hilo na baba mkwe asiyecheka kamwe. Mwombe aruke mara moja tu, na wajukuu wake pembeni, umpige kuanzia magoti yanapopinda mpaka anapotua. Miguu yake na macho ya wajukuu vitakupa picha zaidi ya moja. Kwa mwenye magoti mabovu, mpe kazi nyingine inayoshughulisha akili: apeperushe mapovu ya sabuni, au ajaribu kupiga mluzi.

Mtoto naye anaweza kuwa mpiga picha hodari wa vituko vya namna hii. Jacques Henri Lartigue alianza kushika kamera akiwa mdogo huko Ufaransa, na mwaka 1905, kabla hajatimiza miaka 12, alimpiga binamu yake akiruka ngazi za nje, sketi imetanuka, miguu haigusi chini, uso una furaha tupu. Kwa miongo mingi picha zake zilikuwa mambo ya nyumbani, hadi jumba la sanaa za kisasa la New York lilipozionyesha mwaka 1963, yeye akiwa mzee wa karibu miaka 70. Alipiga alichokiona akiwa ndani ya mchezo, wala si kama mtu mzima anayeutazama kwa nje. Hivyo usiwanyime watoto simu siku ya matembezi. Wape kwa zamu, na usiwaelekeze.

5. Shuka, au panda

Kamera iliyo usawa wa macho ya mtu mzima huonyesha dunia ile ile tunayoiona kila siku. Lala chini, na mtoto anayetambaa anakuwa jitu linalokanyaga nchi. Panda ngazini, na mstari wa watu waliolala ufukweni unakuwa kama samaki walioanikwa. Tumia lenzi pana ya simu karibu na kitu na kitu hicho kitavimba: nyayo za mtoto zikielekezwa kwenye lenzi zitakuwa kubwa kuliko kichwa chake. Usiitumie kwa uso wa mtu asiyeomba, kwa sababu pua nayo huvimba.

6. Danganya umbali

Kila aliyefika Pisa, Italia, amewaona watu wakinyoosha mikono hewani wakijifanya wanauzuia ule mnara ulioinama usianguke. Ni mzaha uliozeeka, lakini unaweza kuugeuza. Mwaka 1990 mpiga picha Martin Parr wa Uingereza alifika pale na, badala ya kujiweka kwenye mstari wa mikono na mnara, akawapiga wapigwaji wenyewe kutoka pembeni. Mikono imetapakaa kila upande, kila mtu anasukuma hewa kwa bidii, na mnara uko nyuma ukiendelea na mambo yake. Kumbuka hila hiyo popote penye pozi maarufu: piga picha ya watu wanaopiga picha.

Ukitaka kuufanya udanganyifu wenyewe, kwa mfano dada amembeba kaka kwenye kiganja, fuata hesabu hii. Kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole kina urefu wa karibu sentimita 18, na mtu mzima ni kama mita 1.7, yaani takriban mara tisa au kumi. Kwa hiyo atakayekuwa kibete asimame mbali mara kumi kuliko kiganja kilivyo mbali na lenzi. Kiganja kikiwa sentimita 80 kutoka kwenye simu, kaka asimame mita 8. Akitakiwa awe mdogo zaidi, arudi nyuma zaidi.

Baada ya hapo shusha au pandisha simu polepole mpaka nyayo zake ziguse kiganja. Hapa ndipo wengi wanapokosea: nafasi ndogo ya hewa kati ya unyayo na mkono, au vidole vinavyomfunika mpaka magotini, huua picha yote. Zima ule mtindo wa kamera unaotia ukungu nyuma, kwa kuwa cha karibu na cha mbali vyote vinatakiwa vionekane wazi. Gusa kioo kwenye mtu aliye mbali ili simu imlenge yeye, kisha hakikisha mkono nao umetulia. Uwanja uwe mtupu, kama mchanga, nyasi fupi au sakafu pana, maana miti, mistari ya barabara na vivuli virefu vitamwambia mtazamaji ukweli. Ndiyo sababu wasafiri hupenda kufanya michezo hii kwenye bonde la chumvi la Uyuni nchini Bolivia, lenye zaidi ya kilomita za mraba 10,000 za weupe mtupu, mahali ambapo jicho halina pa kupimia.

Usikate tamaa upesi. Halsman aliyetajwa hapo juu, alipompiga msanii Salvador Dalí mwaka 1948 akiwa hewani pamoja na paka waliorushwa na maji yaliyomwagwa, alirudia zaidi ya mara 20 kwa saa kadhaa. Paka waache wapumzike, lakini uvumilivu ule uige.

7. Piga safari yenyewe, siyo mwisho wake

Maporomoko ya maji na makasri yamekwisha kupigwa na watu wenye kamera bora kuliko zetu. Hakuna aliyepiga familia yako ikiwa imekaa juu ya mabegi saa nane za usiku. Piga sanduku lililokataa kufungika na watu watatu waliolikalia. Piga wawili wanaoelekeza njia tofauti, ramani ikiwa katikati yao. Piga waliolala kwenye basi kwa mitindo mbalimbali. Piga yule aliyesema haitanyesha.

Kitu kinachorudiwa huchekesha zaidi kuliko kitu kimoja. Kama mjomba husinzia kila mnapopumzika, usiridhike na picha moja. Mpige amesinzia mbele ya jumba la makumbusho, kwenye boti, bustanini, kwenye ukumbi wa kusubiria ndege. Mara ya tano familia nzima itakuwa inamngojea asinzie, na yeye mwenyewe ataanza kuchagua mahali pazuri. Unaweza pia kuchagua kitu, kama kofia moja mbaya inayovaliwa na kila mmoja kwa zamu katika kila mji.

8. Rudia picha ya zamani

Huu ni mchezo ninaoupenda kuliko mingine yote, kwa sababu unaleta kicheko na machozi mezani pamoja. Chukua picha ya utotoni, watoto watatu kwenye kochi, mdogo amepakatwa na mkubwa, kisha uwapange wale wale wakiwa watu wazima wenye ndevu. Uzuri wake wote uko katika uaminifu wa vitu vidogo. Chapisha picha ya zamani au ifungue kwenye simu nyingine, uishike karibu unapopanga. Angalia mwanga ulitoka upande gani, kamera ilikuwa juu kiasi gani (wazazi wetu wengi walipiga wakiwa wamesimama, ndiyo maana watoto hutazama juu), nani alishika nini, soksi ipi ilikuwa imeshuka. Nguo zifanane kwa rangi na mikato hata kama ni za kuazima. Na uso uwe ule ule: kama mtoto alikuwa amenuna, mtu mzima anune kwa dhati, asitabasamu kumdokezea mtazamaji kwamba ni mzaha. Anayecheka mwenyewe kwenye picha ya kurudia anaiharibu.

9. Anayechekwa awe wa kwanza kucheka

Waswahili husema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kabla ya kumtumia mtu yeyote picha ya mwenzako akiwa amelala mdomo wazi, mwonyeshe yeye kwanza. Akicheka, ni ya wote. Akinyamaza, ifute mbele yake wala usimwambie hana utani. Vijana wa umri wa kubalehe wapewe haki hii mara mbili, kwa kuwa picha moja kwenye kundi la ukoo inaweza kumfuata shuleni.

Kuna mambo ambayo mimi sipigi kabisa: mtoto anayelia kwa hofu ya kweli au maumivu, mtoto aliye uchi, mtu aliyechanganyikiwa kwa ugonjwa au uzee, na mgeni ambaye kinachochekesha kwake ni umaskini wake au mavazi ya imani yake. Ugenini cheka hali, wala usiwacheke watu. Cheka jinsi mnavyohangaika na milango isiyoeleweka, si jinsi wenyeji wanavyoishi. Na kabla ya kuzituma picha za watoto nje ya familia, ondoa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili. Simu nyingi hukuwezesha kufanya hivyo kwenye dirisha la kushiriki picha au kwenye mipangilio ya kamera.

10. Chagua kwa ukali, andika kidogo

Usifute chochote siku ile ile ya safari. Uchovu huchagua vibaya, na picha uliyoiona imeharibika kwa sababu mtu amepita mbele ya lenzi inaweza kuwa ndiyo yenyewe. Subiri wiki moja, kisha pitia zote, na katika kila mfululizo bakiza moja, au tatu kama zinasimulia hatua: kabla, wakati, baada. Kumi nzuri huchekesha kuliko mia.

Unapokata kingo, kumbuka vile vitu viwili. Makosa ya kawaida ni kumkuza aliyemwagikiwa na maji mpaka anayetazama kwa mshtuko pembeni anatoweka, ilhali uso wa yule wa pembeni ndio uliobeba kicheko. Usikate kabla hujazitazama kona zote nne.

Maelezo yawe mafupi na makavu. Chini ya picha ya begi lililopasuka katikati ya njia, andika mahali na tarehe tu, au neno moja alilolisema mwenye begi. Ukieleza mzaha umeuzima, na alama tatu za mshangao haziufufui.

Mwisho, zichapishe. Picha zilizobaki kwenye simu hufuatana na risiti na picha za hati, na simu yenyewe hupotea. Weka nakala mahali pawili tofauti, chapisha zile kumi, na kwa penseli laini andika nyuma ya kila moja majina ya wote walioonekana, mwaka, na jambo lililotokea sekunde moja kabla.